Siku moja na mizani yangu: kulisha wagonjwa wa kansa ya koo hapa Lubumbashi

5h30. Kabla hata ya kunawa uso natoka nje kuangalia mahindi yangu. Siyo ya bukari (ugali) haya, niliyaloweka, nikayafunika na gunia siku tatu mpaka yakaota, sasa niko nayaanika juu ya bati na jirani haachi kuniuliza kama nimeanza kupika lutuku, ile pombe kali. Acha acheke. Hii ni kimea, utaona kazi yake.

7h00, ndani ya taksibisi toka Katuba, simu imejaa voisi. Mionzi wagonjwa wangu wengi wanaifuata Lusaka, Zambia, wanavuka mpaka wa Kasumbalesa, wanakaa huko mpaka wiki saba, siku tano kwa wiki. Mama mmoja analia, bwana yake iko wiki ya tatu na mdomo unawaka kama amekula makaa. Mama, ndiyo saa yake hiyo, vidonda vinaanza wiki ya pili ao ya tatu. Lita moja ya maji uliyochemsha yakapoa, kijiko kidogo cha chumvi, kingine cha bikarbonati ya soda, asukutue mara nyingi kwa siku na ateme. Dawa ya maumivu ameze nusu saa mbele ya chakula, siyo nyuma! Watu wanakula kwanza na machozi kisha ndiyo wanakumbuka dawa.

8h30. Mizani. Papa mmoja amerudi juzi toka Lusaka, mionzi imeisha na nyumbani walichinja kuku ya furaha, lakini hakuna aliyewaambia kwamba koo linaendelea kuungua wiki kadhaa nyuma ya mionzi kuisha. Anavua viatu, anatoa funguo na simu mfukoni, anapanda. 54. Anashuka, anapanda tena. "Mama, mizani yenu iko inadanganya." Ile yetu kubwa ilidanganya kweli, imeharibika toka mwaka jana na barua zangu za kuomba ingine sijui zinalala wapi, lakini hii nimeinunua mwenyewe. Mbele ya safari alikuwa 61. Kilo saba kwa miezi miwili ni zaidi ya asilimia 10 ya mwili wake, na mtu akifika hapo hata kidonda kinakawia kupona.

Nauliza anakula nini. Bibi yake (mke wake) anajibu: uji wa maji-maji, bila sukari, bila mafuta, sababu shemeji yake aliona kwa simu kwamba sukari inalisha kansa. Huyo shemeji yuko kila familia, naapa. Mtu wa kilo 54 anahitaji karibu kalori 1600 kwa siku na gramu 65 mpaka 80 za protini, na wao wanamupa maji meupe.

Sasa kimea. Ukipika uji mzito wenye nguvu, hamezi. Ukiongeza maji, anameza lakini amekula nini? Basi napika mzito, unga wa mahindi na soja, karanga za kusaga, unasimama kwa mwiko. Naacha upoe mpaka niweze kuingiza kidole bila kuruka. Natia kijiko kimoja cha unga wa kimea, nakoroga, nangoja. Dakika chache tu uji unalegea mbele ya macho, unateremka toka kwa mwiko kama maziwa, na hakuna maji niliyoongeza. Yule mama akapiga makofi: "Kumbe ni kama munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi na mizizi!" Ndiyo mama, mizizi ya munkoyo inafanya kazi ileile. Ila munkoyo wenyewe usimupe sasa, ule uchachu utamuchoma. Narudisha motoni uchemke tena, natia kijiko kikubwa cha mafuta (kalori kama 120 peke yake) na yai lililopigwa, naacha liive kabisa. Vikombe sita kwa siku, vidogo-vidogo.

Lakini kabla ya yote nilimupa maji kijiko kimoja na kusikiliza. Hakukohoa. Anayekohoa akinywa maji ni habari ingine, huyo chakula chepesi kinaweza kumuingia kwa mapafu, tunamupa kizito na docta amuone.

12h30. Chumba cha mwisho, kelele. Muzee wiki nzima hafikishi hata nusu ya chakula chake, docta anataka sonda ya pua, mpira wa kupitishia chakula mpaka tumboni, kijana wake anakataa: "Sonda ni ya wenye kukata roho." Namuonyesha huo mpira, mwembamba. Nasema baba yako analala njaa, wewe unaita hiyo kuishi? Tunautoa koo likipona, na wakati huo ataendelea kumeza mate na maji kidogo kama docta anamuruhusu, sababu koo lisilofanya kazi linakakamaa. Muzee mwenyewe akainua mkono, akaonyesha pua yake. Mambo ikaisha.

Mchana ni makaratasi, kura (umeme) imekatwa, sina la kusema.

20h00. Voisi ya bibi ya Papa wa kilo 54: amemaliza vikombe vinne, cha tano anakunja uso, na anauliza kama kesho anaweza kupata sombe (majani ya muhogo), amechoka na utamu. Nikamujibu: ipike sana, saga, chuja, mafuta mengi, pilipili hapana. Kisha nikaloweka mahindi mengine.