Kabla ya kufunga begi la Lenana

Watu wakipanga Mlima Kenya kutoka Nairobi huuliza kwanza kama kuna theluji. Afadhali waanze na hili: usiku wa pili tunalala wapi?

Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, Lenana, kilele cha Mlima Kenya ambacho wapandaji wa kawaida hufika kwa miguu, mita 4,985. Ratiba inayouzwa sana kupitia njia ya Sirimon ni ya siku tatu: Ijumaa unalala kambi ya Old Moses, mita 3,300, Jumamosi kambi ya Shipton's, mita 4,200, Jumapili alfajiri uko kileleni. Lakini ukishapita mita 3,000, pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku. Hapo umeruka 900. Ndiyo maana usiku pale Shipton's hukosi mtu aliyeshika kichwa, wali umempoa mbele yake, anatoka nje kutapika na kusingizia mpishi. Mpishi hana kosa. Ni urefu wa mlima.

Ongeza usiku mmoja. Lala Old Moses mara mbili. Siku ya katikati panda mpaka mita 3,800 hivi bila mzigo, kaa kidogo, rudi ulale chini. Utalipa ada ya hifadhi ya siku moja zaidi. Wengine husaidiwa na Diamox, dawa ya kuzuia maradhi ya mwinuko: miligramu 125 asubuhi na jioni, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Zungumza na daktari kwanza, hasa kama dawa za salfa hukudhuru. Vidole vitafanya ganzi, utakojoa sana, na soda itakosa makali mdomoni. Hiyo ni kawaida yake.

Kichwa kikiuma na chakula hakipiti, usipande tena mpaka dalili ziishe. Zipo mbili zisizongoja kukuche. Mwambie mwenzako atembee kwenye mstari, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma, hatua kumi hivi. Akiyumba kama mlevi, ubongo unavimba. Akihema hali ameketi tu, anakohoa na kifua kinakoroma, mapafu yanajaa maji. Huyu na yule wanateremshwa papo hapo, hata iwe saa saba usiku, na kamwe si peke yao. Tena njia ya Sirimon hairudi chini moja kwa moja: ukitoka bonde la Mackinder unapanda ukingo, unashuka bonde la Liki North, halafu unapanda tena. Kwa mwenye maji mapafuni vilima hivyo ni adhabu, kwa hiyo aanze safari angali na miguu.

Baridi nayo ina hesabu yake. Hewa hupoa nyuzi 6 au 7 kwa kila mita 1,000. Nairobi ikiwa nyuzi 12 usiku, kileleni ni karibu 10 chini ya sifuri, na upepo bado hujauhesabu. Jinzi na fulana za pamba ziache nyumbani. Pamba ikishanyonya jasho haikauki tena huko. Sweta ya sufu ya mitumba kutoka soko la Gikomba au Toi inatosha kabisa kuvaliwa katikati, chini ya koti. Pesa zako ziende kwenye koti la mvua na glavu. Chupa ya maji ipindue mdomo chini, maana maji huanza kuganda juu. Simu na betri za tochi lala nazo.

Shipton's watu huondoka saa nane au saa tisa usiku, na si kwa ajili ya picha za macheo peke yake. Changarawe za mteremko wa mwisho zikiwa zimeganda hushika buti. Jua likizipiga hulegea, ukapanda hatua mbili na kurudi moja. Ubaya wa saa hizo ni maji yaliyoyeyuka jana: huganda juu ya mwamba yakawa utando mwembamba kama kioo. Inamisha tochi imulike kwa upande. Panapong'aa, usikanyage, hata kama aliyekutangulia amepita salama.

Hata Januari na Februari, miezi mikavu, mawingu huweza kupanda kutoka mabondeni kuanzia saa nne asubuhi hivi. Saa mbili asubuhi ikikukuta ungali mita 200 chini ya kilele, geuka.