Nilivyotengeneza uwanja wa mishale nyuma ya nyumba, Nzuguni

Nianze na hili maana limenikera muda mrefu: mtu akikwambia ujaze viroba mchanga ndo upigie mishale humo, usimsikilize. Mimi niliambiwa na watu watatu, wote kwa uhakika kabisa, na hakuna hata mmoja aliyewahi kushika upinde. Nilipoteza mishale minne siku ya kwanza. Minne kati ya kumi na mbili, na hapa Dodoma huendi dukani ukasema nipe mshale.

Upinde wenyewe shemeji yangu aliniletea toka China, ule wa mchezo unaofungwa vipande vitatu, paundi 28, yaani unavuta kama kilo kumi na mbili na ushee. Mishale ni ya kaboni. Mama yangu ni Msandawe wa Kwa Mtoro kule Chemba, watu wa kuwinda kwa upinde toka zamani, nimekua nasikia habari za pinde toka mdogo, kwa hiyo nilipoupata sikulala vizuri usiku ule, nilikuwa nauangalia tu.

Sasa mchanga. Nilipanga viroba sita ukutani, nikajaza mchanga wa kujengea, nikarudi nyuma hatua ishirini nikaachia. Mshale ukaingia kama sentimita tano ukasimama ghafla. Nikafurahi. Ngoja ukauchomoe sasa! Mchanga unasugua ile kaboni kama msasa, na kule kusimama ghafla nguvu yote inarudi kwenye mshale wenyewe. Wa tatu ncha ilizama ndani ya mshale, wa tano ukapasuka kwa urefu. Halafu kila tundu kwenye kiroba linavuja, baada ya nusu saa chini kuna kichuguu cha mchanga na viroba vimelegea.

Na hapa niseme kitu watu wanapita juu juu: mshale wa kaboni ukigonga vibaya usiurudishe kwenye upinde kabla ya kuukagua. Ushike ncha huku na mkia huku, uupinde kidogo, uzungushe, uupinde tena, usikilize. Ukisikia mlio wa kuvunjika au ukiona ufa, huo tupa. Ukiuachia ukiwa na ufa unaweza kuvunjikia kwenye upinde, na vipande vinaingia kwenye mkono ulioshika. Mimi nakagua kila ukigonga kitu ambacho si shabaha.

Baada ya mchanga nikaleta godoro. Godoro la zamani la inchi sita, nikalikunja mara mbili nikalifunga kamba, nikaona hapa sasa laini, mishale itapona. Aisee. Mshale ulipita kama hamna kitu, ukagonga tofali nyuma, ukaruka juu ya ukuta ukaenda kwa jirani. Nilikimbia mpaka miguu inatetemeka. Ulikuwa umeangukia pembeni ya banda la kuku, hamna mtu, hamna kuku aliyeguswa, ila wajukuu wa yule mama huwa wanacheza palepale. Niligonga geti nikasema, "Shikamoo mama, naomba radhi, kuna kitu changu kimeangukia kwako." Akauokota, akaugeuza, akaniuliza, "Hiki kingempata mtoto ungeniambia nini?" Sikuwa na jibu. Nikamwambia mama sipigi tena mpaka uje mwenyewe uone nimeweka nini, na nikafunga upinde kabatini wiki tatu.

Ndani ya wiki hizo ndo mjomba akaja toka Kwa Mtoro kwa matibabu, akakaa kwangu. Nikamwonyesha vile vipande vya mishale. Akavishika muda mrefu, akasema, "Mpwa wangu, unaupigania mshale. Mshale haupigani, unashikwa." Hakuongeza neno. Nilikaa nalo usiku kucha na hapo ndo nikaelewa: ugumu hauzuii mshale, unauvunja, na ulaini peke yake unauacha upite. Kinachousimamisha ni msuguano, kitu kiubane toka pembeni taratibu mpaka uishiwe nguvu.

Kwa hiyo maboksi. Nilizunguka maduka ya Majengo na kule soko la Job Ndugai kuomba maboksi, wengine walinipa bure wengine nikawapa mia tano mia tano, yote hayakufika elfu kumi na tano. Nikakata vipande vya urefu sentimita 70 na upana 25, nikavilaza kimoja juu ya kingine mpaka mita moja kwenda juu. Unapiga kwenye kingo zake, siyo kwenye uso, mshale unajipenyeza kati ya karatasi na karatasi. Shida ni kwamba yakiwa yamelegea hayabani chochote, na ukiyabana kati ya mbao mbili kwa vyuma vya nati, ukakaza nati kwa mkono, yanasogea kidogo tu. Nilijaribu kuwasimamisha vijana wawili juu yake, wapi.

Hapa ndo najivunia. Nyumbani tuna tenki la maji la lita 2000 juu ya stendi ya chuma, kama nyumba nyingi za huku maana maji ni ya mgao. Stendi yangu ni fupi, mita moja na nusu. Lita 2000 ni tani mbili zimekaa pale bure! Nikalijaza maji mpaka juu. Chini ya stendi nikaweka ubao mnene, juu yake ule mnara wa maboksi, juu yake ubao mwingine, halafu jeki ya gari na gogo dogo, kichwa kikaegemea chuma cha katikati cha stendi. Nikaanza kupampu. Jeki inataka kuinua tenki, tenki halitaki, kwa hiyo maboksi yanashuka. Yalikuwa yanalia kama mkate mkavu. Nilienda taratibu, kila baada ya pampu tano nasimama natazama miguu ya stendi, maana ukiona mguu unataka kunyanyuka au chuma kinapinda unaacha hapohapo. Na watoto waliambiwa wakae ndani. Mita moja ikashuka mpaka kama sentimita 70. Nikapitisha vyuma vinne vyenye uzi wa nati, viwili kila upande nje ya maboksi, toka ubao wa juu mpaka wa chini, nikakaza nati, nikalegeza jeki. Haikurudi hata kidole. Mke wangu alitoka nje akasema limekuwa kama gogo la mti, na kweli ukiligonga linatoa sauti ya gogo.

Mshale wa kwanza uliingia kiasi ukasimama. Sijui niseme nini, nilikaa chini kwenye udongo.

Kuuchomoa ni kazi kidogo mwanzoni, unapaka sabuni ya mche kwenye mshale, sehemu ya mbele tu, unatoka vizuri. Ugwe wa upinde nao unataka nta, mimi natumia nta ya nyuki niliyonunua kwa wauza asali ya Singida, kipande cha elfu mbili kina mwaka sasa.

Furaha ile ilidumu siku kumi na moja. Niliweka shabaha juu ya magogo mawili ya mti chini, asubuhi moja naenda nakuta njia za udongo zimepanda, mchwa wamekula ubao wa chini na tabaka kama nne. Mtu wa Dodoma aliyesahau mchwa! Sasa nilichomelewa miguu ya chuma ya sentimita 95, kila mguu umekaa kwenye kopo lenye oili chafu toka gereji, nakagua kila Jumapili hakuna jani wala fimbo iliyoegemea pale maana wanapanda kupitia hapo. Ule urefu wa 95 siyo wa kubahatisha, ukijumlisha nusu ya shabaha unapata katikati iko sentimita 130 toka ardhini, ndo wanavyoweka kwenye mashindano ya nje. Imelala nyuma kidogo pia.

Nyuma yake nimening'iniza mazulia mawili mazito ya mtumba, moja mbele ya lingine, yameachwa huru chini. Usiyakaze. Yakiwa huru mshale ukikosa shabaha unalisukuma zulia, linayumba na kumeza nguvu, ukilikaza unalitoboa. Nyuma ya mazulia ndo ukuta. Nilimwita yule mama jirani kama nilivyoahidi, nikapiga mishale sita mbele yake, miwili nikaikosesha makusudi iende kwenye zulia, yote ikaanguka chini palepale. Akasema sawa, ila wajukuu wakiwa nje upige mluzi kwanza. Napiga mluzi mpaka leo hata kama sijawaona. Na mwenyekiti wa mtaa nilimwambia mapema, asije akasikia kwa watu.

Umbali ni mita 18, nimepima kwa futi ya fundi, ndo umbali wa mashindano ya ndani na karatasi yake ya kulengea ni sentimita 40 toka ukingo hadi ukingo, duara kumi, kila moja upana wa sentimita 2. Nachora mwenyewe kwa bikari ya uzi na msumari, njano katikati, nyekundu, bluu, nyeusi, nyeupe. Ile ya Olimpiki ni mita 70, kiwanja changu hakifiki huko hata nikibomoa jiko. Kiwanja kimelala kaskazini kusini kwa hiyo jua la asubuhi wala la jioni haliniingii machoni, hilo nilibahatika tu. Upepo ndo adui, kiangazi ikifika saa nne asubuhi vumbi linatembea, kwa hiyo mimi napiga saa kumi na mbili na nusu asubuhi mpaka saa mbili.

Gharama yote bila upinde, na miguu ya kuchomelea ndo iliyokula hela, haikuzidi laki moja na nusu, labda na kitu kidogo.

Mjomba alirudi mwezi wa nane kwa kliniki. Akaomba ajaribu. Hakutumia kile kitu cha kulengea kilichofungwa kwenye upinde, aliuinamisha kidogo pembeni, hakukaa hata sekunde mbili akaachia, nyekundu. Wa pili njano. Akanirudishia upinde akasema huu ni mwepesi sana. Katikati ya shabaha pameanza kulegea kwa kupigwa sana, Jumamosi hii nafungua nati, nageuza yale maboksi ya kati yaende juu, na tenki nimeshalijaza.