Nilivyotafuta pa kutangazia steshenari yangu ya Mwanga

Picha niliyoipenda kuliko zote ndiyo iliyoniponza. Nilisimama ng'ambo ya barabara, hapa Mwanga, Kigoma mjini, nikaipiga picha fremu yangu ya duka nzima: kibao cha bluu chenye jina la duka, mashine ya fotokopi inaonekana mlangoni, wateja wawili wamesimama wakisubiri. Kesho yake asubuhi nikaiweka kwenye kundi kubwa la Facebook la watu wa Kigoma na maneno machache: "Biashara inauzwa, mwenye nia aje inbox." Ilikuwa Jumapili, Mei 12, 2024. Anayeikumbuka siku hiyo anajua kilichofuata. Nyaya za chini ya bahari zilipata hitilafu, intaneti ikawa ya kubembeleza. Tangazo lilishakwenda, lakini mimi sikuweza kulifungua tena, si kujibu, si kufuta.

Mtandao ulipotulia, nusu ya Mwanga ilishajua. Mwalimu wa shule niliyokuwa naichapia mitihani akapita: "Dada, tumesikia unafunga." Nikamwambia sifungi, nauza. Kwa mteja hayo ni mamoja, kazi wakaipeleka kwingine. Jamaa aliyekuwa akinikopesha rimu za karatasi akaanza kutaka hela mkononi. Binti niliyemwajiri akaniuliza, nusu anacheka nusu hacheki, "Dada, na mimi nimo kwenye bei?" Mzee mwenye nyumba ndiye aliyeniumiza zaidi, kwa upole wake. "Mwanangu, ungeanza kwangu. Mimi nina kijana wangu anatafuta fremu." Maana yake kijana angeingia bure kwenye eneo nililolijenga miaka sita, na mimi nibaki kuuza mashine na meza.

Na bahati mbaya haiji peke yake. Jumatano ya wiki hiyo hiyo, Mei 15, Ziwa Tanganyika likafungwa kwa uvuvi miezi mitatu, hadi Agosti 15. Wale wawili wa Kibirizi walioonyesha nia wakaniambia tusubiri ziwa lifunguliwe. Mji huu hela yake inatoka majini, dagaa wasipopanda hata fotokopi inapungua. Lakini mimi nisingeweza kusubiri. Mume wangu ni mwalimu, uhamisho wa Urambo ulishatoka na yeye alishatangulia.

Ndipo nikanunua laini mpya ya matangazo tu, nikafungua kaunta buku, na kila aliyepiga au kuandika nikamuuliza kwanza: tangazo umeliona wapi? Laini mpya ilinisaidia kwa jingine pia. Namba ikishaanikwa hadharani, zile meseji za matapeli za "ile hela itume kwenye namba hii" hazikauki, na sikutaka zichanganyike na za wateja.

Nilijaribu Jiji, ule mtandao wa matangazo ya kuuza na kununua vitu, kwa sababu kuweka tangazo la kawaida kulikuwa bure na watu wa mikoa yote wanapita pale. Ndani ya wiki tatu nilipata watu 23, na 21 walitaka mashine ya fotokopi peke yake. Wengi walikuwa Dar es Salaam, na swali lilikuwa lile lile: bei ya mwisho? Siwalaumu. Mtu anayefungua ukurasa wa matangazo ya bidhaa anatafuta kitu cha kubeba, na steshenari haibebeki. Instagram nililipia shilingi 20,000, nikachagua lionekane Kigoma tu. Nikapata mioyo mingi kutoka kwa wanafunzi, mmoja akauliza kama tunapokea watu wa field, wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo. Marketplace ya Facebook ilileta madalali. Mmoja alitaka asilimia kumi na ruhusa ya kupandisha bei juu ya yangu, nikamwambia aendelee na viwanja.

Usiku mmoja nikiwa napitia kaunta buku nikaona nimekosea swali. Nilikuwa nahesabu wangapi wameona, wakati duka hili linahitaji mtu mmoja, na huyo mtu lazima awe na mambo mawili: hela, na mtu wa kukaa nyuma ya meza hapa Mwanga kila siku. Mwenye hela wa Kigoma alikuwa analia na ziwa. Mwenye hela wa Dar asiye na ndugu huku hatakuja mwisho wa reli kuchapa barua za watu. Alibaki mtu wa huku aliyeko huko. Huyo anashinda wapi kwenye simu yake? Kwenye makundi ya WhatsApp ya kwao, yale ya kuchangiana misiba na harusi.

Shangazi yangu anaishi Mbagala na yumo kwenye kundi la wazaliwa wa Ujiji. Matangazo ya biashara yamekatazwa humo, kwa hiyo alimwomba kwanza msimamizi, halafu akatuma ujumbe wa sauti, "ndugu zangu, mtoto wa kaka yangu...", na mimi nikamtumia tangazo jipya la kuambatanisha. Hili niliandika tofauti kabisa. Kibao hakikuonekana, wala jina la duka, wala mtaa. Picha zilikuwa za vifaa kwa ndani. Niliandika kilichomo na kisichomo: fotokopi, printa mbili, kompyuta mbili, mashine ya lamination, mali ya rafuni, kodi ya miezi minne iliyolipwa, na kilemba cha eneo, yaani hela ya kuachiwa eneo lenye wateja wake. Laini za uwakala wa kutuma na kutoa hela kwa simu hazimo, zimesajiliwa kwa taarifa zangu, na leseni vilevile. Bei milioni 8.5. Nikaongeza sentensi moja ambayo naamini ndiyo iliyouza: "Msimu wa maombi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, HESLB, unaanza Juni, njoo uhesabu mwenyewe."

Watu wanne tu waliandika. Wanne, baada ya makelele yote yale. Wa tatu alikuwa mama mmoja aliyetaka kumfungulia mdogo wake wa Gungu, amemaliza diploma na kazi hana. Mdogo mtu alikuja akakaa nami siku tano. Kwa wateja nilisema anajifunza kazi, na haukuwa uongo. Wahitimu wa kidato cha sita walikuwa wanamiminika kuomba hiyo mikopo, na vyeti vya kuzaliwa vya kuskani, majina yamekosewa, nywila zimesahaulika, wazazi wamesimama mlangoni. Kila jioni tulihesabu droo pamoja na yeye akampigia dada yake. Sikuwahi kumtumia yule mama hesabu hata moja ya mkono wangu.

Kwa mzee mwenye nyumba nilikwenda mapema safari hii, nikiwa na sukari kilo mbili na yule mdogo mtu wa Gungu mwenyewe. Alimsalimia kwa Kiha, "Mwakeye," kijana akaitika vizuri, wakaanza kuulizana ukoo hadi nikaona mimi ndiye mgeni. Akakubali mkataba mpya wa mwaka kwa kodi ile ile, na habari za yule kijana wake sikuzisikia tena.

Tulishuka mpaka milioni 7.6. Sehemu kubwa ya punguzo ilitokana na uwakala: kijana angekaa wiki kadhaa bila laini mpaka apate zake, na watu wengi huingia kutoa hela ndipo wakumbuke kutoa kopi. Niliona ni haki. Mama alitaka kutuma yote kwa simu, nikakataa. Tuliandikishana ofisi ya serikali ya mtaa mbele ya mwenyekiti na mashahidi wawili, milioni tano zikaingia benki siku hiyo, zilizobaki kwa miezi miwili. Alilipa, alichelewa siku tisa.

Binti yangu wa dukani alibaki na bosi mpya, kwa mshahara ulioongezwa elfu ishirini. Kumbe kweli alikuwemo kwenye bei.

Tangazo la Jiji nilisahau kulifuta. Nipo Urambo sasa, ile laini bado iko kwenye simu ya zamani, na juzi usiku imeita tena, namba ngeni: "Dada, ile mashine ya fotokopi, bei ya mwisho?"