Mkanda wa Uzito wa Welta, Agosti 2010

Mwezi wa Agosti 2010, shirika la mieleka la Consejo Mundial de Lucha Libre, ambalo watu wa Jiji la Mexico hulitaja kwa herufi zake tu, CMLL, lilirejesha mikanda mitatu ya ubingwa wa dunia iliyokuwa na jina la NWA, muungano wa mashirika ya mieleka ulioanzia Marekani, na tarehe 12 ya mwezi huo likatangaza mikanda mitatu mipya ya kushika nafasi yake. Mabingwa hawakubadilika. Mephisto, aliyekuwa bingwa wa uzito wa welta, aliendelea kuwa bingwa wa welta. Averno alibaki na uzito wa kati, na El Texano Jr. alibaki na uzito ulio chini kidogo ya uzito wa juu. Kilichobadilika ni mikanda yenyewe, na jina rasmi ambalo sasa lilitamka kwamba ubingwa huo ni wa kihistoria. Wakati huo nilikuwa nikisoma Kihispania katika jiji hilo, nimepanga chumba katika mtaa wa Doctores, na habari hiyo ilizusha ubishi mkali kuliko wowote niliousikia katika nyumba ile.

Doctores ni mtaa ambao karibu kila njia imepewa jina la daktari. Katika njia ya Dr. Lavista ndipo ulipo ukumbi wa Arena México, uliofunguliwa mwaka 1956, ambao mashabiki huuita kanisa kuu la mieleka. Mwenye nyumba wangu alikuwa fundi viatu aliyestaafu. Nilimwita «don», kama vijana wa huko wanavyowaita wazee, naye aliniita kijana, hata baada ya kulijua jina langu vizuri. Aliishi na mkewe, binti yake na mume wa binti huyo, na kila Ijumaa ambayo miguu yake ilimruhusu alikwenda ukumbini. Ijumaa moja, siku chache baada ya tangazo lile, mkwe wake alikuwa amechelewa kutoka kazini, na mzee akaniomba nimsindikize.

Nilikulia Mombasa, ambako mieleka ya kulipwa tuliijua kupitia televisheni tu, na hiyo ilikuwa mieleka ya Marekani, ya majitu yanayotembea polepole na kuongea sana. Nilidhani basi kwamba ubingwa wenye heshima ni ule wa watu wazito. Mzee alinisahihisha tukiwa bado njiani, katikati ya walanguzi wa tiketi waliokuwa wakituvuta mikono na wauza vinyago waliotandaza bidhaa zao ukutani. Mexico, alisema, ni nchi ya uzito mwepesi. Kanuni zinamweka mpiganaji wa welta kati ya kilo 70 na 78 (ingawa macho yangu yaliniambia usiku ule kwamba mizani haiogopwi sana), na ni katika madaraja hayo ya chini ambamo mchezo wao ulijengwa: kuruka kutoka juu ya kamba, kubiringishana chini, kufungana viungo hadi mmoja akubali kushindwa. Bingwa wa uzito wa juu anaheshimiwa, lakini watu hawamwimbii kama wanavyowaimbia wale wadogo. Baada ya kuutazama mchezo ule kwa muda mrefu nakubaliana naye kabisa, na hata leo mieleka ya majitu hunipa usingizi.

Tulikaa juu, mahali ambapo tiketi ni rahisi na matusi ni mengi. Pambano kubwa lilikuwa la watu watatu dhidi ya watatu, na Mephisto alikuwa upande wa rudo, yaani wale wanaocheza rafu na kumhadaa mwamuzi, dhidi ya técnico, wanaofuata sheria na kupendwa na watoto. Aliingia na mkanda, na mzee, ambaye macho yake hayakuwa tena mazuri, aliniuliza mara kadhaa kama bamba lile ni jipya au la zamani. Kwa umbali ule sikuweza kumjibu. Niliona kitu kinachong'aa kiunoni mwa mtu, basi. Swali lake, hata hivyo, ndilo lililofungua simulizi iliyojaza nafasi zote za mapumziko kati ya mapambano.

Simulizi yake ilianzia kwa Salvador Lutteroth, ambaye mwaka 1933 alianzisha kampuni iliyokuja kuwa CMLL. Alikuwa ameona mieleka El Paso, ng'ambo ya mpaka, akaamua kuileta nyumbani na kuipa utaratibu wa kudumu. Mikanda ya kwanza iliyopiganiwa ilikuwa ya taifa, na mwenye mamlaka juu yake hakuwa Lutteroth wala promota mwingine yeyote, bali tume ya ndondi na mieleka ya jiji, ile ile inayowapa wapiganaji leseni. Halafu, mwaka 1946, ukaja ubingwa wa dunia wa uzito wa welta, na bingwa wake wa kwanza alikuwa El Santo, mtu wa kinyago cha fedha, ambaye miaka ile alikuwa bado rudo na si shujaa wa sinema aliyekuja kuwa baadaye. Mzee alilitilia mkazo jambo moja hapa, nami nikalielewa baadaye tu: muungano wa NWA ulianzishwa Marekani mwaka 1948, na kampuni ya Lutteroth ilijiunga nao mwanzoni mwa miaka ya 1950. Kwa hiyo ubingwa wa welta ulikuwapo kabla ya herufi zile tatu zilizoandikwa juu yake.

Kisha akafika mwaka 1953. Hapo aliacha hata kutazama ulingo. Mwaka uliotangulia, mwezi wa Novemba, El Santo alikuwa amemshinda Black Shadow katika pambano la kinyago dhidi ya kinyago, na Black Shadow akalazimika kufunua uso wake na kusema jina lake mbele ya umati. Mwenzake wa karibu, ambaye walipigana pamoja kama ndugu ingawa hawakuwa wa tumbo moja, alikuwa Blue Demon, mtu wa kinyago cha bluu kutoka kaskazini, Nuevo León. Alikuja kudai kisasi, na tarehe 25 Septemba 1953 alimwangusha El Santo na kumnyang'anya mkanda wa welta. Mzee alisema alikuwapo usiku ule, amebebwa begani na baba yake. Mkewe alikuwa amekwisha kuniambia jikoni kwamba mwaka ule mumewe alikuwa bado mtoto wa kijijini Puebla, na kwamba kama wote wanaodai kumwona Blue Demon akishinda wangalikuwapo kweli, ukumbi ungalipasuka. Sikumwuliza mzee neno. Alieleza jinsi watu walivyokaa kimya kwanza, kisha wakarusha sarafu ulingoni kama wanavyofanya hadi leo pambano linapowaridhisha sana, na alieleza vizuri.

Blue Demon alikaa na mkanda hadi mwaka 1958, alipoushindwa kwa Karloff Lagarde, na Lagarde akaukalia miaka saba. Miaka iliyofuata mzee aliipitia haraka. Katika miaka ya 1980 kampuni iliachana na muungano wa Marekani, lakini ikabaki na mikanda yake mitatu na kuendelea kuipigania kana kwamba hakuna kilichotokea. Mwaka 1992 Antonio Peña alijitenga na kuanzisha shirika la AAA, akaondoka na wapiganaji wengi, na baadhi ya mikanda ya taifa ikahama pamoja nao. Mikanda ya NWA haikuhama.

Sehemu iliyomsisimua kuliko zote ilikuwa ya karibuni kabisa. Mwezi wa Oktoba 2008, Blue Demon Jr., mwana wa kulea wa yule wa 1953, alimshinda Adam Pearce katika Jiji la Mexico na kuwa Mmexico wa kwanza kushika ubingwa wa dunia wa uzito wa juu wa NWA. Alikuwa pia rais wa tawi la muungano huo nchini Mexico, na kwa cheo hicho aliiandikia CMLL barua mwezi wa Machi 2010, akiitaka iache kutumia jina la muungano ambao haikuwa mwanachama wake tena. Yaani mkanda ambao baba alimpokonya El Santo kwa mikono yake, mwana alikuwa akiudai kwa barua. Mzee alilisema hili kwa sauti ya mtu aliyeonjeshwa chakula kibaya. Mimi niliona, na bado naona, kwamba kisheria mwana alikuwa na hoja. Lakini kwenye viti vile vya juu hapakuwa mahali pa kuisema.

Pambano liliisha kwa rudo kushinda mwangusho wa tatu kwa hila ambayo mwamuzi peke yake hakuiona. Mkanda haukuwa rehani usiku ule. Pambano la ubingwa lina adabu zake: afisa wa tume huwapo, kila mpiganaji huwa na msaidizi pembeni mwake, miangusho ni miwili kati ya mitatu bila kikomo cha muda, na hata rudo mchafu kabisa hujitahidi kuonyesha kwamba anajua kushikana chini kama mwanafunzi wa kweli wa mieleka.

Tuliporudi nyumbani mkwe alikuwa mezani anakula. Mzee alileta daftari lake. Nilikuwa nikisikia habari zake lakini sikuwahi kuliona: daftari la hesabu la mtoto wa shule, lenye ukurasa mmoja au zaidi kwa kila ubingwa, na chini ya kila kichwa orodha ya mabingwa kwa tarehe, ya kwanza kwa wino uliofifia na za karibuni kwa kalamu ya rangi yoyote iliyopatikana. Kwa sababu ya macho yake, alitaka mimi niandike mabadiliko ya Agosti. Niliuliza swali ambalo niliona la kawaida: niandike chini ya jina la mwisho, au nifungue ukurasa mpya?

Mkwe aliweka kijiko chini. Alikuwa mtu anayefuata mieleka ya kila nchi, na hoja zake zilikuwa safi. Ubingwa wa zamani, alisema, umerudi kwa wenyewe; kama watapenda wataupa bingwa mwingine, na orodha ile ya tangu 1946 itaendelea huko. Huu wa sasa ni mpya, umezaliwa tarehe 12, na mpya huandikiwa ukurasa wake.

«Nani amemwangusha Mephisto?» mzee aliuliza.

«Hakuna, baba. Lakini mkanda huachwa wazi hata bila mtu kuangushwa. Bingwa anaumia, anahamia shirika jingine, tume inaamua. Umeandika mwenyewe mara nyingi humu ndani kwamba ulikuwa wazi.»

Hilo lilikuwa kweli, na mzee alikaa nalo kidogo. Kisha akajibu kwamba kila mara mkanda ulipoachwa wazi, watu waliitwa ulingoni wakapigania nafasi ile, ndipo jina jipya likaandikwa. Safari hii hakuna aliyeitwa. Mtu aliyekuwa bingwa Jumatano aliamka Alhamisi bado ni bingwa, wa uzito ule ule, katika ukumbi ule ule, mbele ya watu wale wale. Na El Santo alipoupata mwaka 1946 hapakuwa na NWA ya kumpa ruhusa. Kama herufi ziliongezwa, basi zinaweza kuondolewa, na chini yake kitabaki kile kilichokuwapo mwanzo. Mkwe alisema hiyo ni hoja ya mwanasheria mbaya. Binti alicheka. Kwa upande wangu nilidhani kwamba mkwe alikuwa sahihi kuhusu karatasi na mzee alikuwa sahihi kuhusu ukumbi, lakini nilikuwa mpangaji, na kalamu ilikuwa mkononi mwangu, nikanyamaza.

Mzee aliniamuru niandike kwenye ukurasa ule ule. Niliandika jina la Mephisto kwa mara ya pili, moja kwa moja chini ya la kwanza, na tarehe: 12 Agosti 2010.

«Na wale wa NWA wakimpa mtu mwingine mkanda wao?» mkwe alisisitiza. «Utamweka wapi huyo?»

«Wanunue daftari lao,» mzee akasema, kisha akanitaka nimsomee nilichoandika, herufi kwa herufi, kwa sababu hakuiamini tahajia ya mgeni.