Ndoana Namba Nane

Likizo ya Juni 2001 nilipelekwa Mwanza kwa mama mkubwa. Nilikuwa na miaka 12, na maji mengi niliyowahi kuyaona ni ya lambo la kunyweshea ng'ombe huko kwetu Kongwa. Nyumba yake ilikuwa mlimani, imebanana na mawe, ukifungua mlango tu unaliona ziwa. Siku ya pili nikamwomba hela ya ndoana. Akanipa shilingi 500. "Kichocho kikikupata usije kunililia," akasema.

Dukani muuzaji aliniuliza swali moja tu: "Namba ngapi?"

Sikujua kama ndoana zina namba. Nikapiga hesabu haraka: viatu vyangu namba 36, vya baba 43, kwa hiyo namba ndogo ni kitu kidogo. Mimi nilitaka samaki wadogo, wale furu niliowaona wakicheza kwenye mawe. Nikajibu kama mzoefu: "Namba nane." Akanitazama usoni, akazitazama na kandambili zangu, kisha akanihesabia tatu na kuzifunga kwenye gazeti. Nailoni nayo nikachagua nene, isije ikakatika.

Kumbe kwenye ndoana mambo ni kinyumenyume. Namba ikipanda, ndoana inapungua. Nilikuwa nimenunua ndoana za sangara.

Kesho yake asubuhi nikachimba nyungunyungu kwenye tope la karo, nikafunga nati ya baiskeli iwe chubwi, uzito wa kuzamisha ndoana, nikashuka ziwani. Nikarusha. Chubwi! Hata ndege waliokuwa juu ya jiwe waliondoka. Punde nikasikia mdonoo kidoleni, tik, tik, tik, kama mtu anayegonga mlango kwa ukucha. Nikavuta kwa nguvu zote. Ndoana ikatoka nyeupe, inang'aa, haina kitu. Nikaweka mwingine. Tik, tik, tupu. Nyungunyungu wanane walikwenda hivyo, wa tisa nati ikanasa katikati ya mawe, na nilipong'ang'ania nailoni nene ikanikata kidole yenyewe isikatike.

Binti wa mama mkubwa, wa miaka tisa, alikuwa amekaa nyuma yangu muda wote anakula pera.

"Kaka, unawalisha," akasema.

Nilichukia. Lakini yeye kwenye kikopo chake alikuwa na furu wanne, na mimi nilikuwa na kidole kinachotoka damu. Nikakaa chini.

Fimbo yake ilikuwa mwanzi mwembamba, ncha yake inapinda ukiigusa. Nailoni aliifumua kwenye wavu mbovu, nyembamba kiasi kwamba ikiingia majini huioni. Boya ni kipande cha kandambili kilichokatwa kama punje ya karanga, maana boya kubwa samaki akilivuta anaona zito, anatema. Juu ya ndoana kidogo, kipande cha risasi kama punje ya mchele, basi. Na ndoana yenyewe! Aliponiwekea kiganjani nilidhani ananitania.

Akamchukua furu mmoja, akamfungua mdomo kwa kucha ya kidole gumba. Akaingiza ndoana yake, ikakaa. Akachukua yangu, akaiegemeza kwenye shavu la samaki. Ilianzia mdomoni ikapita jicho, ikapita shavu, ikaishia karibu na pezi. Hakusema kitu. Akaendelea na pera lake.

Chambo nacho alinikatia. Mimi nilikuwa natundika nyungunyungu mzima, mkia unaning'inia, furu wanaukata kwa raha zao. Yeye aliweka kipande cha kufunika ncha tu. "Tumbukiza kando ya jiwe, usirushe," akasema. Kipande cha kandambili kikasimama, kikatikisika, kikazama. Nikainua mkono kidogo, na mwanzi ukatetemeka mpaka begani.

Alikuwa mdogo kuliko kiganja changu: mgongo mwekundu, ubavu wa njano wenye milia myeusi. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba kuna furu wa mawe ya Ghuba ya Mwanza ambaye wanasayansi walimpa jina mwaka 1985, wakamwita Haplochromis nyererei, kwa heshima ya Mwalimu; baadaye akaitwa Pundamilia nyererei. Sitaapa kwamba ndiye niliyemvua, ila rangi zake ndizo hizo. Siku ile jina lilikuwa furu tu, na nilimpigia kelele mpaka akanichoropoka mara mbili juu ya mawe.

Tulirudi na 11. Saba wa kwake. Mama mkubwa akasema hata paka hawatamtosha, akawakaanga wakakauka mpaka miba tukaitafuna.

Zile ndoana mbili zilizobaki alizichukua mjomba, akazipigilia kwenye ubao wa jikoni, akatundika vikombe vya bati.