Saa ya Babu

Juzi kitinda mimba wangu, yuko darasa la pili, kaniletea daftari: "Mama, mshale uko kwenye tano, mbona mnasema saa kumi na moja?" Nikacheka, kisha kicheko kikakatika. Baba huyo, kanijia.

Ilikuwa miezi mitatu baada ya upasuaji wake wa shingo. Kabla ya hapo: jicho la kushoto likishukiwa na pazia kwa dakika chache, mkono wa kulia ukiangusha kikombe. Dar wakakuta mshipa wa shingo, upande wa kushoto, umejaa mafuta yaliyoganda. Wakaupasua, wakaukwangua, tukapanda treni kurudi Kigoma. Daktari alituambia wazi: hii ni ya kuzuia kiharusi. Akili, wapo wanaochangamka, wapo wanaobaki vilevile, wapo wanaopungukiwa.

Sasa kijana wa koti jeupe, karatasi ya Kiingereza ya kupima akili mkononi: "Mzee wangu, nichoree saa. Mishale ionyeshe saa kumi na moja na dakika kumi."

Baba alichora duara taratibu, ulimi ukichungulia pembeni mwa mdomo. Akaweka 12 juu, 6 chini, 3, 9, ndipo akajaza zilizobaki. Mshale mfupi akaupeleka kwenye 5, mrefu kwenye 2. Akalaza kalamu, akanitazama vile alivyonitazamaga kwenye soko la samaki Kibirizi akishamaliza hesabu ya migebuka kichwani.

"Umekosea, Mzee. Kumi na moja hii hapa."

"Mwanangu, hiyo ni saa tano. Kwani leo umeamka saa ngapi?"

Kijana akaona haya, akafuta kosa. Nikisimulia, iwe msibani au harusini, huwa naishia hapo.

Maana kilichofuata ni yale maneno matano aliyopewa mwanzoni ayashike. Alipata "kitambaa". Akakaa. "Na... mlango." Akatazama dirisha muda mrefu, kana kwamba mengine yangepita barabarani. Hayakupita. Ni kisu, ni ule mshipa wenyewe, au ni miaka 74? Kabla ya upasuaji hakuna aliyempima, kwa hiyo tulilinganishe na nini?

Kwenye bajaji, tukipanda kwenda Mwanga, akaniuliza, "Yale maneno yalikuwa mangapi?"

"Matatu, Baba."

"Ah. Basi nimekosa moja tu."

Nikamfunga kifungo cha shati, ingawa kilikuwa kimefungwa.