Futa Ipi?

"Mwalimu, kwa nini unasoma kila pendekezo la kihariri cha msimbo kabla ya kulikubali?" Kijana ninayemfundisha kazi aliniuliza hivyo asubuhi ya leo, orodha ya mapendekezo ikiwa imefunguka chini ya kielekezi, na kidole chake kikiwa tayari juu ya Tab. Nilimjibu kwa kifupi, lakini tangu hapo mzee mmoja aliyewahi kujaribu kazi yangu hajanitoka mawazoni.

Ilikuwa mwaka 2022. Kivinjari cha Chrome kilikuwa na elementi ya dialog, yaani lebo ya HTML ya kuunda kidirisha kinachotokea juu ya ukurasa, tangu 2014, lakini Firefox na Safari zilikuwa zimeikubali mwezi Machi mwaka ule, nami niliipokea kwa furaha kubwa, kwa kuwa nilikuwa nimechoka kuunda vidirisha kwa div, visanduku vya kawaida vya HTML, zilizopangwa juu ya div. Katika VS Code, kihariri changu, niliandika neno dialog, nikabonyeza Tab, na lebo zote mbili zikajaa zenyewe. Upande wa JavaScript, msimbo unaoendesha ukurasa, niliitafuta elementi kwa amri ya querySelector, hivyo kihariri kikaijua aina yake. Nilipoweka nukta na herufi mbili, sh, kikaniletea show na showModal, la kwanza likiwa limeangaziwa. Nikabonyeza Tab tena. Kidirisha cha kuthibitisha ufutaji wa rekodi kikafunguka, na pazia jeusi nililolibakiza kutoka kwenye msimbo wa zamani likafunika ukurasa wote. Kwa kipanya, kila kitu kilikwenda sawa.

Siku ya majaribio alikuja mzee mmoja asiyeona, anayetumia kibodi na kisoma skrini. Nilikaa kando yake. Alifungua kidirisha, na sauti ikasoma: "Ghairi, kitufe." Akabonyeza Tab: "Futa, kitufe." Akabonyeza tena, akitarajia kurudi kwenye Ghairi kama ilivyo kawaida ya vidirisha vilivyojengwa vizuri, lakini sauti ikasema: "Futa, kitufe." Mara nyingine: "Futa, kitufe." Alikuwa ameshatoka ndani ya kidirisha bila kujua, anapita chini ya pazia langu, kwenye safu za rekodi za watu wengine, kila moja ikiwa na Futa yake, na pazia lile, ambalo kwa macho yangu lilikuwa ukuta, kwake halikuwa chochote. Alibonyeza Escape. Kimya. Kidole chake kilibaki hewani juu ya Enter kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu mno, kisha akanigeuzia uso na kuuliza kwa upole, "Mwanangu, hii ni Futa ipi?"

Sikuwa na jibu la kumpa pale pale.

Marekebisho yalichukua dakika chache. Nilibadilisha show kuwa showModal, na kivinjari chenyewe kikauzima ukurasa wa nyuma, Escape ikaanza kufunga kidirisha, na baada ya kufunga, fokasi, yaani mahali kibodi inapofanyia kazi, ikarudi kwenye kitufe kilichokifungua. Pazia la zamani nililifuta nikatumia ::backdrop, pazia linalokuja na kidirisha chenyewe, kisha nikaunganisha kichwa cha kidirisha kwa sifa ya aria-labelledby ili kisoma skrini kikitaje mara kinapofunguka.

Siwezi kukilaumu kihariri. Majina yote mawili yalikuwa sahihi, kwa sababu show ina kazi yake pale kidirisha kinapotakiwa kuwa wazi huku mtu akiendelea na ukurasa, na maelezo yake yalikuwepo kando ya orodha kwa yeyote ambaye angeyafungua. Hata hivyo sina hakika kwamba kuyasoma kungenitosha, maana skrini ilikuwa imekwisha kuniridhisha.

Haya yote nilimsimulia kijana mchana, nikaweka kipanya chake pembeni na kumwomba apite kwenye kidirisha chake kwa Tab peke yake. Alipita mara mbili, polepole, kisha akaniuliza tungejuaje kama mzee yule asingekuja siku ile. Bado sijamjibu.